Posa ya Ahmedabad

Asubuhi hiyo Shaukat hakula, na hapo ndipo Malek alipojua kwamba leo ndiyo leo.

Si kwamba alikuwa mgonjwa. Rexdale nzima, kule Toronto, inamjua Shaukat kwa kumaliza sinia la sambusa peke yake huku akinung'unika kwamba zimekosa ndimu. Sasa alikuwa amekaa kwenye benchi mbele ya kibanda cha fafda, katikati ya mji mkongwe wa Ahmedabad, pikipiki na bajaji zikipiga honi pande zote, jalebi za moto zimemkalia mapajani juu ya kipande cha gazeti, shira inavujia suruali, na yeye hana habari. Kazi yake ilikuwa kukohoa. Anakohoa, anamtazama Malek, anafungua mdomo, anaufunga, anakohoa tena. Josephine, aliyekaa katikati yao, alikuwa ameshamaliza jalebi zake na ameanza kumsaidia mwenzake bila kuombwa.

Malek alitafuna fafda yake, kile kibapa cha unga wa dengu kilichokaangwa kikakauka, akauma na pilipili, kisha akageuzia uso barabarani ili asicheke. Mwanamke wa miaka sitini na moja, magoti yote mawili yanalalamika, lakini alikuwa anahesabu dakika kama msichana anayesubiri Idi. Aibu iliyoje, na utamu ulioje.

Ngoja niwaeleze hawa watu kwanza, msije mkanipotea njiani. Malek Hirji ni mzaliwa wa Tabora, mtoto wa duka la vitambaa. Alifika Toronto akiwa mke wa Badrudin, akalea mtoto mmoja, Alykhan, na akafanya kazi miaka yake yote ya Kanada kwenye jiko kubwa karibu na uwanja wa ndege, mahali panapopikwa chakula cha abiria. Yeye alikuwa wa trei za Kihindi: dengu hapa, wali pale, achari pembeni, kisha sukuma trei mbele. Aliyekuwa akipokea na kufunika ni Josephine, Mhaya wa Bukoba, Mkatoliki, mama yake Rogers, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Walijuana siku Malek alipoungua na mvuke akaitukana sufuria kwa Kiswahili safi cha Tabora, naye Josephine akacheka mpaka trei zikapita bila vifuniko. Msimamizi aliwafokea wote wawili. Tangu siku hiyo wakawa chanda na pete.

Trei walizozipeleka Delhi na Mumbai hazihesabiki, wenyewe hawakuwahi kufika. Badrudin alifariki, wao wakastaafu, wakajiunga na klabu moja ya wazee ya Rexdale, na Februari hiyo ya 2018 klabu ikawaleta India kundi zima, leo kaburi la mfalme, kesho kasri la malkia. Ahmedabad ilikuwa kituo cha mwisho. Siku moja tu ya kujitembelea wenyewe, kesho yake ndege ya kurudi. Wenzao wote walibaki hotelini wameshika matumbo. Waliokuwa bado wazima ni hawa watatu.

Shaukat naye ni wa Mwanza, alifiwa na mkewe zamani kidogo, na aliendesha basi la abiria la njia ya Kipling mpaka akastaafu. Tangu Malek afiwe, huyu bwana ndiye anayemrudisha nyumbani Weston kila jioni wakitoka jamatkhana, nyumba yao ya ibada. Gari linafika mlangoni lakini haliondoki. Injini inaunguruma kwa ajili ya joto, theluji inajaa kwenye kioo, na wao wamekaa humo wanaongea Kiswahili: mikate ya Tabora ilikuwa ya nani, yule kinyozi wa Mwanza aliishia wapi. Kuna jioni waliongea mpaka jirani akaja kugonga dirisha kuangalia kama bado wapo hai. Lakini neno lenyewe hajawahi kulisema. Mtu aliyetangaza vituo vya basi maisha yake yote, kituo hiki kimoja kilimshinda.

Na sasa muda ulikuwa umemwishia. Alykhan alikuwa amehamia Calgary na mke na mtoto, na alikuwa amemwandalia mama yake chumba, ameshakipaka na rangi. Malek alikuwa amemwambia mwanawe kwamba akirudi kutoka India atampa jibu, anahamia au anabaki. Habari hizo hizo alimpa Shaukat ndani ya lile gari, polepole kabisa, ili zimwingie. Kama ana la kusema, alitakiwa kulisema kabla ya ndege. Na akilisema, Malek atabaki Toronto. Alikuwa ameshaamua, jibu lilikuwa limekaa mdomoni kama peremende. Kilichokosekana ni swali.

Na swali hilo alilitaka kutoka kinywani mwa Shaukat mwenyewe. Hapo Malek hakuwa na mzaha. Alipokuwa na miaka kumi na minane, kule Tabora, posa yake ilikuja siku ya Jumapili. Walikuja wajomba, wakaja wazee, wakaketi na baba yake sebuleni, na yeye alikuwa uani anawakaangia bhajia wageni hao hao. Shangazi yake akaja jikoni, akambusu paji la uso, akamwambia hongera. Ndivyo alivyojua kwamba anaolewa. Badrudin alikuwa mtu mwema, hakuwahi kumpandishia sauti, na alipoondoka Malek alimlilia kwa dhati. Lakini tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kusimama mbele yake akamwuliza kama anataka. Amezika mume, ameozesha mtoto, na bado alikuwa na hamu hiyo moja ya kitoto. Hakumwambia mtu, hata Josephine. Utaanzaje kumwomba mtu akuulize?

Basi, walipomaliza fafda wakapanda bajaji. Josephine alifurahi kupita kiasi, akamwambia dereva kwamba hata kwao Bukoba zipo, ila leo amezifuata kwa wenyewe. Dereva hakuelewa neno, akatabasamu, akaongeza mwendo. Walijipanga watatu kiti cha nyuma, Josephine katikati, na kwa kuwa Mungu hakumnyima mwili, Shaukat alibaki nusu ndani nusu nje. Walipopenya kati ya basi na ng'ombe aliyekuwa amesimama barabarani bila wasiwasi wowote, Malek alipiga ukelele akashika kitu cha kwanza alichokipata nyuma ya mgongo wa Josephine. Kilikuwa mkono wa Shaukat. Hakuna aliyeachia mpaka wakafika. Josephine alitazama mbele kama hayumo, lakini midomo ilikuwa inamcheza.

Walishukia kwenye msikiti wa Sidi Saiyyed, ule wenye madirisha ya mawe yaliyochongwa mti mzima na matawi yake, mpaka unasahau kwamba ni jiwe. Walisimama uani wakaukodolea macho. Mzee mmoja aliyekuwa akielezea wageni alisema aliyeujenga alikuwa Mhabeshi, mtu wa asili ya Afrika. Malek alipomtafsiria, Josephine alimtaka mzee arudie. Mzee akarudia. Akamtaka arudie tena, safari hii simu ikirekodi.

Kuanzia hapo hakushikika. Alisimama chini ya dirisha akataka apigwe picha, kisha na Malek, kisha na familia moja ya Kijapani ambayo haikuomba. Akamgeukia Malek, mkono kiunoni.

"Unaona, Mama Aly? Nyie mlikuja kwetu mkafungua maduka. Sisi tulikuja kwenu tukajenga."

Malek alicheka mpaka akakaa chini kwenye sakafu ya uwanja, machozi yanamtoka, mtandio umemwanguka. Alikuwa hajacheka namna hiyo tangu enzi za trei. Alipojifuta macho na kuangalia huku na huku, aliona jambo lililomkata kicheko pale pale. Shaukat alikuwa amemvuta Josephine pembeni, karibu na birika la udhu. Mikono ameikunja mbele ya tumbo, kichwa amekiinamisha, ananong'ona. Na Josephine, aliyekuwa amejilegeza, akajinyoosha taratibu, akavuta gauni lake likae vizuri, akaitikia kwa kichwa, kwa uzito, kama mtu anayekula kiapo.

Mungu wangu, aliwaza Malek. Anamtuma mshenga.

Jamani, lawama nyingine ni za bure. Shaukat alikuwa amefanya kile ambacho mwanamume aliyelelewa vizuri anatakiwa kufanya. Mwanza alikokulia, Mhindi hajiposei mwenyewe, Msukuma hajiposei mwenyewe. Unatafuta mtu mzima mwenye heshima, unamtuma, wewe unakaa mbali na adabu zako. Huko nako ndiko kumpa mwanamke hadhi yake. Malek alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote, na ndiyo maana lilimuuma. Mtu mwenyewe amesimama hatua chache tu kutoka alipo, na bado anaona heri azungukie kwa Josephine.

Kilichofuata ni vituko. Walipofika sokoni, ng'ambo ya malango matatu ya kale ya mji huo, Josephine alipotea. Malek alimtafuta kati ya kuta za vitambaa, na kumbe mshenga yuko kwenye duka la vilemba, anabishana bei kwa Kiswahili na muuza duka anajibu kwa Kigujarati, wanaelewana kabisa. Josephine alichagua kilemba chekundu chenye madoadoa ya manjano. Malek alijificha nyuma ya sari zilizotundikwa akasikiliza. Shaukat alikuwa anauliza, kwa unyonge, kilemba ni cha nani wakati baba yake Malek alikwisha kufa na kuzikwa Tabora. Josephine akamjibu kwamba kilemba cha baba ni lazima, posa haiendi mikono mitupu, kama baba hayupo atavaa mtoto. Kisha akadai na kitambaa cha mkaja, haki ya mama wa binti. Malek alimwona akilini mwanawe Alykhan, na kompyuta yake begani na ndevu zake za kupunguzwa kwa mashine, amevaa kilemba chekundu katikati ya Calgary. Siku nyingine angeanguka kwa kicheko. Siku hiyo alikwenda kibanda cha jirani akala sahani nzima ya dhokla, ile mikate laini ya dengu ya kupikwa kwa mvuke, amesimama, maana hasira za Malek siku zote hupitia tumboni.

Mchana waliingia kwenye mkahawa wa chakula cha sinia. Pale unakaa, unawekewa sinia lenye vibakuli vingi vitupu, na wahudumu wanapita mbio na ndoo na upawa, mchuzi, maharage, mboga za msimu zilizopikwa ndani ya chungu, chapati zinazong'aa samli, na hawakomi mpaka ufunike sinia kwa mkono na kuomba huruma. Malek alishangaa kuona Shaukat ameenda kukaa peke yake meza ya mwisho, karibu na mlango wa jiko. Kumbe mwoaji hakai penye posa. Josephine alikaa mbele ya Malek, akafungua mfuko wa plastiki, akatoa kilemba, akakiweka kati ya dengu na mtindi. Akajisafisha koo.

"Hodi hapa," alisema.

Malek akamwambia kwamba ameshaingia, ameshakaa, na ameshakula chapati tatu. Josephine akarudia hodi yake, macho makavu. Akasema yeye ni mgeni, ametoka mbali, ametumwa na watu wa Mwanza, na hao watu wa Mwanza wameliona jambo jema katika nyumba hii. Upawa wa mchuzi ukapita katikati yao. Josephine aliungoja upite, akaendelea: hawakuja mikono mitupu, wamekuja na kilemba cha baba, na mkaja wa mama, na wanaomba wasikilizwe.

"Kawaambie wenye nyumba hawapo," alisema Malek.

Josephine akainuka, akakatiza kati ya meza, akainama sikioni kwa Shaukat. Huku nyuma mhudumu akaliona sinia lake lililoachwa wazi, akalijaza upya. Josephine akarudi na jibu: watu wa Mwanza watangoja. Malek akasema wangoje. Akaenda, akarudi, sinia limejazwa tena. Wahudumu walikuwa wameshaanza kumpisha kwa heshima, wakidhani ni ibada fulani. Mwishowe Malek alisukuma sinia lake.

"Mama Rogers, kamwambie hivi. Kama mdomo wa kula anao, na wa kusema anao. Mimi kwa kilemba siolewi."

Sasa mshenga ni mshenga. Kazi yake si kubeba maneno kama tarishi, kazi yake ni kuyalainisha njiani yasije yakavunja nyumba mbili. Josephine aliyaona maneno hayo ni makali mno kupelekewa mwanamume aliyefunga tangu asubuhi. Akatembea nayo polepole mpaka meza ya mwisho, na alipofika akamwambia Shaukat kwamba wenye nyumba wamepokea, wanashukuru, na watalifikiria.

Kwa watu wa malezi ya Shaukat, watalifikiria maana yake ni hapana iliyovalishwa nguo nzuri. Hakuna posa iliyowahi kukubaliwa kwa neno hilo tangu Mwanza iwe Mwanza. Shaukat aliitikia kwa kichwa mara moja, akamshukuru Josephine kwa kazi yake, akavuta sinia karibu, akaanza kula.

Alikula, ndugu zangu. Alikula chakula cha asubuhi na cha mchana na cha msiba wake mwenyewe. Dengu zikaongezwa, chapati zikaongezwa, wahudumu wakaanza kumwita mwenzao aje aone. Na Malek, kule alikokuwa, aliona tu mwanamume anayekula kwa raha baada ya kukataliwa. Roho ikamshuka mpaka miguuni. Kumbe alikuwa hajali kiasi hicho. Kumbe ni yeye peke yake aliyekuwa akijidanganya kwenye lile gari.

Jioni walitembea kwenye vichochoro vya zamani, vile ambavyo nyumba zake za mbao zimeinamiana kana kwamba zinasengenya, na katikati kuna minara midogo ya kulishia ndege. Shaukat alikuwa mchangamfu kupita kawaida. Alitangulia mbele akitangaza kila kitu kwa sauti ya basi: kulia kwenu mlango wa kuchongwa, kushoto kwenu mbuzi. Uchangamfu huo ulimchoma Malek vibaya sana. Akamshika Josephine mkono, akambakiza nyuma, akamwuliza ni nini hasa alichomwambia yule mtu.

Josephine akamweleza. Malek akamtazama.

Hapo ndipo yalipomtoka, yote, katikati ya kichochoro, ng'ombe mmoja akisikiliza. Jumapili ya Tabora, bhajia, shangazi, hongera. Kwamba hakutaka kilemba wala mkaja wala watu wa Mwanza, alitaka aulizwe na mtu, ana kwa ana, jambo moja tu. Josephine alitafuta pa kukaa, akakaa kwenye baraza la nyumba ya watu.

"Miaka yote hiyo tumefunika trei pamoja," alisema, "na hukuniambia."

Akataka akimbie pale pale akamwambie Shaukat. Malek akamzuia. Akamwambia kwamba ukimfundisha mtu akuulize, aliyeuliza si yeye, ni mwalimu wake. Josephine alifikiri, akaona ni kweli, akaumia. Mwanamke ambaye hajawahi kunyamaza tangu abatizwe sasa alitakiwa anyamaze. Alimfuata Shaukat mbele, akamwambia tumbo limemchafuka, anarudi hotelini, na wao waendelee. Huyu amekula senene tangu utoto na hajawahi kuumwa tumbo hata siku moja. Shaukat akamwitia bajaji kwa huruma. Josephine akaondoka amekumbatia mfuko wa kilemba, akigeuka nyuma kuwatazama mpaka kona.

Wakabaki wawili. Giza lilikuwa linaingia walipofika Manek Chowk, ule uwanja ambao mchana ni wa masonara na jioni ni wa walaji. Masonara walikuwa wanashusha milango ya chuma, na mbele ya milango hiyo hiyo mikokoteni ya chakula ilikuwa inasukumwa, majiko yanawashwa, siagi inapigwa vipande juu ya mabati ya moto, vijana wanawaita wateja kwa kuwavuta mikono. Walivutwa, wakakalishwa kwenye viti vya plastiki. Shaukat akaagiza mkate ambao ndani yake mlikuwa na chokoleti, jamu, mananasi na jibini, vyote kwa pamoja, na jibini nyingine juu. Malek akasema mtu aliyebuni kitu hicho anastahili kufungwa. Kisha akauonja, akala nusu nzima, na wote wawili wakacheka, na kwa dakika moja ilikuwa kama wako kwenye gari, joto limewashwa.

Simu ya Malek ikalia. Alikuwa Alykhan, huko kwao ni asubuhi mapema, anamtayarisha mtoto kwenda shule. Alikuwa anaongea Kiingereza chake na mama anamjibu Kiswahili, kama kawaida yao. Alitaka kujua mapazia ya kile chumba ayachukue ya bluu au ya manjano, duka lina bei nzuri wiki hii tu, na je, mama ameshaamua? Malek akamwambia atampigia. Akaweka simu mezani kifudifudi.

Shaukat alikuwa amesikia. Alijifuta mkono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Calgary ni pazuri," alisema. "Baridi yake kavu, haiumizi magoti. Siku ya safari usihangaike na teksi, Malekbai. Nitakupeleka mwenyewe uwanja wa ndege."

Malek alimtazama mtu huyu mwenye adabu zake, na ile bai ya heshima aliyoibandika kwenye jina lake. Adabu zitampeleka mpaka mlango wa ndege, zitambebea na sanduku, zitampungia mkono, na hazitafungua mdomo. Hasira ilimpanda, na pamoja na hasira likapanda jambo jingine kubwa zaidi, hata akaona uwanja mzima unazunguka na taa zake. Alikuwa amengoja siku nzima. Alikuwa amengoja tangu Tabora. Akachoka kungoja.

"Shaukat," alisema, bila bhai, yaani kaka, wala bwana, kwa mara ya kwanza. "Unataka kunioa?"

Aliuliza kwa ile sauti ya jikoni, ya kushindana na mashine. Mpika mkate akasimamisha kisu. Hakuna hata mmoja pale aliyejua Kiswahili, lakini watu wa meza ya jirani waligeuza viti kuwatazama.

Shaukat aligeuka akatazama nyuma yake, kana kwamba ameulizwa mtu mwingine. Hapakuwa na mtu, ni mlango wa sonara uliofungwa. Aligeuka tena mbele. Malek akaona macho yake yamejaa machozi, na akaogopa kwamba ameharibu kila kitu.

"Mimi nilikuwa dukani napima sukari," alisema Shaukat. Sauti ilikuwa ndogo, si ya basi. "Baba akaingia, akaniambia Alhamisi tunakwenda Musoma, umepata mke. Nikafunga mfuko wa sukari, nikampa mteja. Duka sikuulizwa kama nalitaka. Kanada sikuulizwa. Mimi, Malek, sijawahi kuulizwa kitu."

Siku nzima, na miaka yote, Malek alidhani njaa hiyo ni ya kwake peke yake, kwamba wale waliokaa sebuleni ndio waliokuwa na sauti. Hakuwahi kumfikiria kijana aliyekuwa mahali fulani anapima sukari.

Shaukat alisogeza pembeni sahani ya mkate. Akatoa miwani, akaifuta, akaivaa tena ili amwone vizuri.

"Hebu uliza tena," alisema. "Polepole."

Malek alivuta kiti mbele mpaka magoti yao yakagusana. Akamshika mikono yote miwili, mbele za watu, jibini na yote. Akaanza upya, neno moja moja, na Shaukat hakumngoja afike mwisho wa swali.